Kitambaa Kinachosema: Viraka vya Kina Mama wa Chile na Vikundi Vyetu



Ukiingia karibu nyumba yoyote kijijini kwetu, kitu cha kwanza kukukaribisha baada ya mwenyewe ni vitambaa. Viko juu ya viti, juu ya meza, juu ya redio. Kimoja kina ua jekundu, kingine kuku na vifaranga, kingine kimeandikwa "Karibu Mgeni". Kina mama wamevifuma usiku watoto wakiwa wamelala. Mikono tunayo. Hakuna wa kutuambia ati hatujui sindano.

Lakini hebu tujiulize swali moja. Mgeni akiangalia vitambaa vile, je, anaweza kujua ni nini kimempata mwenye nyumba? Anaweza kujua kwamba mwaka ule mvua ilikosa na ng'ombe wakaisha? Kwamba shamba liliuzwa bila mama kuambiwa? Kwamba kijana wa nyumba hiyo aliondoka na hajarudi? La. Ua jekundu halisemi hayo.

Katika makala hii nataka kuwaeleza juu ya kina mama waliochukua sindano na vipande vya nguo kuukuu, wakasema mambo ambayo midomo ilishindwa kusema, au ilikatazwa kusema. Wengi wao walikuwa maskini kama sisi. Wengine walikutana kanisani kama sisi. Mwishoni nitaeleza jinsi kikundi chenu kinavyoweza kujaribu kazi hii, na pia makosa ya kuepuka, maana moja kubwa nimelifanya mimi mwenyewe.

NGUO KUSEMA SI JAMBO GENI

Wenzetu wa pwani wanalijua jambo hili zamani. Kanga ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa karibu na pindo. Mama akitaka kumfikishia mtu ujumbe bila kufungua mdomo, anachagua kanga yenye maneno hayo, anajifunga na kupita nayo. Mwenye kuambiwa anaelewa. Hakuna ugomvi, hakuna kesi kwa mzee wa mtaa, lakini neno limefika.

Katika nchi za baridi kuna kitu kingine, yaani blanketi la viraka. Vitabu vingine vya Kiswahili huliita mfarishi. Vipande vya nguo zilizochakaa huunganishwa kuwa kitambaa kimoja kikubwa, chini yake huwekwa bitana, katikati pamba, kisha vyote hushonwa pamoja kwa mshono unaopita tabaka zote tatu ili pamba isikimbie. Kazi hii ilianza kwa sababu ya baridi na umaskini: nguo ikichakaa kiwiko, bado mgongo wake ni mzima, kwa nini utupwe?

Kwa miaka mingi watu waliona ni kazi ya nyumbani tu. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney huko New York lilitundika mablanketi ya namna hii ukutani kama picha za wachoraji, na watu wengi wakaanza kuyatazama kwa macho mengine. Lakini kina mama wenyewe walikuwa wanajua siku zote kwamba kazi ya mikono yao ina maneno ndani yake. Tumtazame mmoja.

MAMA HARRIET POWERS NA BIBLIA YA VIRAKA

Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 katika utumwa, jimbo la Georgia, Marekani. Baada ya utumwa kukomeshwa, yeye na mumewe walipata kipande kidogo cha shamba karibu na mji wa Athens. Mwaka 1886 alipeleka blanketi lake kwenye maonyesho ya pamba mjini humo. Lilikuwa na picha 11 zilizokatwa kwa kitambaa na kushonwa juu ya kitambaa kingine: Adamu na Eva, Kaini akimwua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vipande vyake vya fedha, Karamu ya Mwisho, na nyingine.

Mwalimu mmoja wa sanaa, mama mzungu aliyeitwa Jennie Smith, aliliona akataka kulinunua. Harriet akakataa. Miaka michache baadaye hali ya maisha ilikuwa ngumu, na mumewe akamhimiza auze. Aliomba dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na mnunuzi akaandika. Baadaye alirudi zaidi ya mara moja kwenda kulitazama tu, kama mtu anayekwenda kumwamkia mtoto wake aliyeolewa mbali.

Blanketi lake la pili, la karibu mwaka 1898, lina picha 15. Humo aliweka Biblia pamoja na habari za watu wa kwao. Kwa mfano, alishona usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vingi vilianguka na watu wakadhani ni mwisho wa dunia. Yeye alikuwa hajazaliwa. Ni hadithi aliyosikia kwa wazee, akaitia kwenye nguo isipotee. Harriet alifariki mwaka 1910. Leo blanketi la kwanza liko katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington, na la pili liko Boston. Kazi iliyouzwa kwa dola 5 sasa ni hazina ya nchi.

Tukumbuke hiyo dola 5. Tutairudia tukifika kwenye habari ya kuuza.

CHILE: WALIPOULIZA "WAKO WAPI?"

Sasa tuje kwenye habari ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Chile ni nchi ndefu na nyembamba huko Amerika Kusini, upande mmoja milima ya Andes, upande mwingine bahari. Tarehe 11 Septemba 1973 wanajeshi wakiongozwa na Jenerali Augusto Pinochet walimpindua Rais Salvador Allende. Siku zilizofuata watu walikamatwa kwa maelfu. Uwanja wa taifa wa mpira ukageuzwa kuwa jela. Wengine waliokamatwa hawakuonekana tena. Mama akienda kuuliza kituoni, anaambiwa, "Huyo hatumjui, labda amekukimbia."

Fikiri wewe mwenyewe. Mtoto akifa, unalia, unazika, unasoma misa ya arobaini. Lakini mtoto ambaye huambiwi kama yuko hai au amekufa, utamlilia vipi? Sahani yake utaiweka mezani au utaiondoa?

Makanisa hayakunyamaza. Oktoba 1973, Wakatoliki, Walutheri, Wamethodisti na wengine, pamoja na jumuiya ya Wayahudi, waliunda kamati ya pamoja ya kuwasaidia walioteswa na jamaa za waliokamatwa. Pinochet alilazimisha kamati hiyo ifungwe mwishoni mwa mwaka 1975. Basi Kardinali Raúl Silva Henríquez, Askofu Mkuu wa Santiago, akaanzisha ofisi nyingine chini ya kanisa lake mwenyewe, ikaanza kazi Januari 1976. Iliitwa Vicaría de la Solidaridad, yaani ofisi ya kanisa ya mshikamano. Ilikuwa na wanasheria, madaktari, na wafanyakazi wa kijamii kama sisi.

Ni katika kazi hiyo, kuanzia mwaka 1974, ambapo vikundi vya kushona vilianza. Kina mama walikuwa wakija ofisini kila siku kuuliza habari za waume na wana wao. Walikuwa wamechoka, wamekonda, hawana hela ya mkate. Wakaalikwa kukaa pamoja na kufanya kazi ya mikono inayoweza kuwaletea senti kidogo. Wengi hawakuwa mafundi wa kushona. Walichokuwa nacho ni gunia, vipande vya nguo, uzi, na uchungu.

Gunia kwa lugha yao ya Kihispania ni arpiyera, na hivyo ndivyo picha hizo zilivyoitwa. Kabla ya hapo mwimbaji wao mashuhuri, Violeta Parra, alikuwa amekwisha kutarizi picha kwenye magunia, na mwaka 1964 zilionyeshwa mjini Paris katika jumba la Louvre. Kwa hiyo mbegu ilikuwepo. Lakini kina mama hawa waliipanda katika shamba lingine.

WALISHONA NINI?

Ukiiona arpiyera kwa mbali, unadhani ni picha ya mtoto wa nasari. Juu kuna jua na milima, chini kuna vijumba vya rangi na vidoli vidogo vilivyoshonwa vikatokeza kama watu wa kweli. Inapendeza. Sasa sogea karibu. Mlangoni mwa nyumba kuna gari la askari, na mtu anavutwa. Mezani kuna sahani, na kiti kimoja kiko wazi. Kina mama wamejifunga minyororo kwenye geti la bunge. Mwingine ameshika picha yenye swali: wako wapi?

Wengine walitumia vipande vya shati au suruali ya mtu aliyepotea. Yaani nguo yenyewe ikawa shahidi.

Mwaka 1978 ofisi ile ya kanisa ilipata habari kwamba mahali paitwapo Lonquén, ndani ya tanuri za kuchomea chokaa zilizoachwa, kulikuwa na mabaki ya watu. Walipokwenda wakakuta ni kweli. Walikuwa wanaume 15, watu wa kawaida wa mashambani waliokamatwa Oktoba 1973. Serikali ilikuwa ikikana. Kina mama wakaishona ile tanuri, na kitambaa kikaieleza kwa watu wa mbali wasioweza kusoma magazeti ya nchi hiyo.

Baadaye wakaingia kina mama wengine wa mitaa ya maskini ya Santiago ambao waume zao walikuwa wamepoteza kazi. Hao walishona kiwanda chenye kufuli, bomba moja la maji kwa mtaa mzima, stima iliyokatwa, na sufuria kubwa ya pamoja ambapo kila nyumba ililetea kidogo ilicho nacho ili watoto wote wale. Kwa hiyo tusidhani ni habari za siasa tu. Mama alishona maisha yake ya Jumatatu hadi Jumapili, na maisha yake ndiyo yaliyokuwa habari.

KAZI ILIVYOENDESHWA

Hapa wanakikundi tusikilize vizuri, maana mpango wao unafanana sana na wetu. Walikutana kila wiki, mara nyingi katika chumba cha parokia. Walikubaliana habari ya kushona. Kila mmoja alishona kwa mkono wake, kisha kazi zililetwa mbele ya wenzake, zikatazamwa: mshono umekaza? Picha inaeleweka? Kazi mbaya ilirudishwa ikarekebishwe. Ofisi ya kanisa ilikusanya kazi, ikaziuza hasa ng'ambo, na pesa zikarudi kwa kina mama. Mara nyingine nyuma ya kitambaa kulishonwa kimfuko kidogo chenye karatasi ya maelezo.

Ilikuwa hatari. Magazeti yaliyounga mkono serikali yaliziita picha hizo uchochezi na matusi kwa nchi. Kina mama walishona usiku, wakaficha kazi watu wakibisha hodi. Arpiyera nyingi zilitoka nchini ndani ya mizigo ya wasafiri. Askari akifungua sanduku anaona vitambaa vya rangi vya wamama, anafunga. Hakujua kwamba amepitisha barua.

Je, vitambaa ndivyo vilivyomwondoa Pinochet? Hapana, tusiongeze chumvi. Tarehe 5 Oktoba 1988 wananchi wenyewe walipiga kura wakakataa aendelee kutawala, na Machi 1990 akaondoka kwenye urais. Mwaka 1991 tume iliyoundwa na serikali mpya ilitoa ripoti yake ikithibitisha wahanga 2,279, na uchunguzi wa baadaye ukaongeza hesabu hiyo kupita 3,000. Vitambaa vilifanya kazi nyingine. Vililisha watoto. Vilipeleka habari nje wakati midomo imefungwa. Na viliwatoa kina mama ndani ya nyumba zao wakakuta kwamba hawako peke yao. Wengi walisema baada ya miaka kwamba hilo la mwisho ndilo lililowaponya.

Ofisi ile ya kanisa ilifungwa mwaka 1992, kazi yake ikiwa imekwisha. Leo nyingi ya picha hizo zimehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu lililofunguliwa Santiago mwaka 2010. Lakini lazima niseme na upande mgumu pia. Utawala ule ulipokwisha, wanunuzi wa ng'ambo walipungua sana. Waliokuwa wakinunua kwa huruma walihamisha huruma yao kwingine. Vikundi vingi vilikosa soko. Hilo ni somo, na kila kikundi kinachotegemea mnunuzi mmoja wa mbali kilikumbuke.

BLANKETI LA MAJINA

Mfano wa tatu nitauelezea kwa ufupi. Miaka ya themanini huko San Francisco, Marekani, vijana wengi walikuwa wakifa kwa UKIMWI, na wengine walizikwa bila watu wao kutaka kutaja ugonjwa. Mtu mmoja, Cleve Jones, alianza mwaka 1987 kumtengenezea rafiki yake aliyefariki kipande cha kitambaa chenye jina lake. Kila kipande kina urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kipimo cha kaburi. Watu wakaanza kuleta vipande vyao. Oktoba mwaka huohuo, vipande 1,920 vilitandazwa chini mjini Washington karibu na bunge. Siku hizi vimefika karibu 50,000.

Kwetu Kenya tunajua kunyamaza huko kulitugharimu nini. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati tulikuwa tumekwisha kuzika sana na kusema "alikuwa na kifua tu" au "alirogwa". Mficha maradhi kifo humuumbua. Kushona jina la mtu mbele ya watu ni kusema: huyu alikuwa wetu, na hatumwonei haya.

KWETU: VIATU MLANGONI

Sasa niwaeleze kilichonifundisha mimi. Kuna kikundi kimoja cha kina mama, sitakitaja, nilichokuwa nikikitembelea kila mwezi. Nilikuwa nakuja na fomu yangu ya mahitaji. "Shida zenu ni nini?" Wanajibu: maji, mbegu, karo. Naandika, naondoka. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa analipa mchango wake kila mara, hakosi mkutano, lakini hasemi. Nilimhesabu kuwa mtu mpole asiye na neno.

Siku moja badala ya fomu nikapeleka gunia, mfuko wa vipande kutoka kwa fundi wa cherehani, na habari hizi za Chile. Nikawaomba kila mmoja ashone kitu kimoja kinachomkosesha usingizi. Tulichukua wiki nne. Wengi walishona mto uliokauka na shule. Yule mama alishona nyumba, mlango wazi, na kizingitini viatu viwili vyeusi vya shule. Basi.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, hivi ni viatu vya nani?" Ndipo akasema. Kijana wake alikwenda mjini kutafuta kazi, sasa ni mwaka wa sita, hakuna simu, hakuna barua. Viatu vyake vya shule bado yuko navyo, na kila Jumamosi anavipaka rangi. Wanakikundi walikaa naye miaka yote hiyo, wamechanga pamoja, wamezika pamoja, na hakuna aliyejua. Walijua kijana hayupo. Hawakujua juu ya viatu. Siku ile hatukumaliza ajenda. Wiki iliyofuata kina mama watatu walimsindikiza kuandikisha kwamba mwanawe amepotea, jambo ambalo alikuwa ameogopa kulifanya peke yake.

Ningependa kuishia hapo, lakini sitakuwa mkweli. Nilifurahi mno na kitambaa kile hata nikakichukua na vingine kwenda kuvionyesha katika mkutano wetu wa maendeleo. Nilimwuliza mwenyekiti, sikumwuliza mama mwenyewe. Huko watu wakakipiga picha, mgeni mmoja akataka kukinunua, tena kwa bei nzuri. Nilirudi kijijini nikitembea kama mtu aliyeleta zawadi. Mama yule alisikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe umewaonyesha watu mlango wangu." Hakuja mkutano miezi miwili. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, na alinisamehe, akanipa na chai. Kitambaa kiko ukutani kwake, hakiuzwi. Kijana hajapatikana. Yale niliyoyaandika hapa juu ya viatu, yeye mwenyewe amenipa ruhusa, kwa masharti kwamba kijiji kisitajwe.

JINSI YA KUANZA

Mnaohitaji ni watu sita hadi kumi na wawili. Vifaa ni hivi:

- Kipande cha gunia la katani, au mfuko wa kitambaa wa unga au sukari uliofuliwa vizuri. Ukubwa wa sentimita 50 kwa 40 unatosha kwa mwanzo.
- Vipande vya nguo. Mwombeni fundi wa cherehani mabaki yake, na mchague mitumba isiyovalika. Kitambaa cha pamba ni rahisi kuliko naironi, maana hakitelezi.
- Sindano za kawaida na moja nene ya gunia, nyuzi za rangi mbili tatu, mkasi mmoja mkali wa kikundi, na kalamu ya kuchorea.

Hatua zenyewe:

1. Zungumzeni kwanza. Mkutano wa kwanza usiwe wa kushona. Kila mmoja aseme picha iliyo moyoni mwake, na asiyetaka kusema asilazimishwe.

2. Chora kwenye karatasi. Si lazima ujue kuchora. Nyumba ni mraba na pembetatu. Mtu ni kichwa, mwili na mikono. Chagua jambo moja tu. Picha ya mambo kumi haisomeki.

3. Anza na vya nyuma: mbingu, mlima, shamba. Kata kitambaa, kunja ukingo kidogo ndani ili kisichanuke, kisha shona kukizunguka kwa mishono midogo. Halafu weka vya mbele: nyumba, mti, ng'ombe.

4. Watu waje mwisho. Ukitaka watokeze, tengeneza kidoli cha urefu wa kidole, ujaze pamba au vipande vidogo ndani, ukishone juu ya picha. Nywele ni uzi.

5. Kunja pindo la gunia pande zote nne, shona bitana nyuma, na weka vitanzi viwili juu vya kutundikia.

6. Leta kazi mbele ya wenzako. Kila mmoja aeleze ya kwake. Wenzake wauliza, hawahukumu. Kuhusu mshono semeni ukweli. Kuhusu machozi nyamazeni.

Mkitaka kutengeneza moja kubwa ya kikundi, kila mmoja ashone kipande cha kipimo kilekile, kisha mviunganishe. Pimeni kabla ya kukata, la sivyo mtatoka na kitambaa kilichopinda kama barabara ya mlimani. Kitambaa kama hiki kinaweza kutundikwa kanisani siku ya kuwakumbuka marehemu, au kupelekwa kwenye baraza mnapoomba kisima. Afisa anaweza kusahau barua, lakini picha ya kina mama thelathini kwenye bomba moja ataikumbuka.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, kitambaa ni cha aliyekishona. Kisionyeshwe, kisipigwe picha hata ya simu, kisiuzwe, bila neno lake mwenyewe. Neno la mwenyekiti halitoshi. Neno la padre au la mfanyakazi wa kanisa halitoshi pia.

Pili, tenganisheni vya kuuza na vya kuweka. Mkubaliane mapema. Kwa vya kuuza, hesabuni vifaa, hesabuni siku za kazi, kisha wekeni bei. Mkumbuke dola 5 za Harriet. Mnunuzi anayesema "lakini hivi ni viraka tu" aonyeshwe mlango kwa heshima. Mweka hazina aandike kila senti.

Tatu, angalieni usalama. Sisi Kenya hatujasahau mwanzo wa mwaka 2008, tulipopoteza watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi. Katika sehemu zenye vidonda vya ardhi au kabila, kitambaa kinaweza kuponya na kinaweza kuwasha moto. Shoneni kilichowapata ninyi, msishone matusi ya jirani. Mama akishona nyumba yake iliyochomwa, huo ni ushuhuda. Akiandika jina la anayemshuku, hiyo ni kesi, na mahali pake si kwenye gunia.

Nne, jueni pa kumpeleka mtu. Kushona kunaweza kufungua kidonda kizito. Kabla ya kuanza, mjue ni nani katika parokia au hospitali iliyo karibu anayeweza kuketi na aliyeumia. Tusifungue mlango kisha tukaenda zetu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni jambo gani katika kijiji chetu linajulikana na wote lakini halisemwi mkutanoni?

2. Katika kikundi chetu ni nani hasemi? Tumewahi kujiuliza kwa nini?

3. Kama tungeshona kitambaa kimoja cha mwaka huu, katikati tungeweka picha gani?

4. Wanaume wa kikundi nao watashika sindano? Kama hapana, ni kwa sababu gani?

MWISHO

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa, aliyekuwa akiwashonea maskini. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia. Hawakutoa hotuba. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Petro hakuhitaji maelezo mengine, akawatoa nje, akapiga magoti.

Mimi siwezi kuwaahidi kwamba kitambaa kitaleta maji, au kitamrudisha kijana. Mama wa viatu bado anavipaka rangi Jumamosi. Tofauti ni kwamba sasa siku hiyo kuna jirani wawili watatu wanaopita kwake, na mmoja wao huja na kiwi.

Kikundi kitakachojaribu kitujulishe kupitia parokia yake. Msitume vitambaa. Tuandikieni tu, na mwenye kitambaa akipenda, tutakuja tukitazame hapo nyumbani kwake.